Herufi Tatu Kwenye Bastola ya Mzee Audax

Gervas Rwegasira alikuwa amerithi nyumba ya Kipawa, vyumba vinne vya uani vyenye wapangaji wastaarabu, na kibanja cha migomba huko Kamachumu ambacho mtu akisimama mwanzo wake hamwoni aliyesimama mwisho. Pamoja na hayo yote, alikuwa akimwonea wivu mtu aliyerithi kilo moja na kitu ya chuma.

Chuma chenyewe kiliingia nyumbani kwake Jumapili baada ya misa, ndani ya hotpoti ya ubwabwa. Mdogo wake, Kasimiri, alishuka nayo kwenye bajaji kutoka Kinyerezi, kaikumbatia kama anampelekea mgonjwa chakula. Njia nzima dereva alikuwa akivuta pua na kuuliza, "Braza, pilau hilo?" Naye Kasimiri, jasho likimtiririka, alimjibu kuwa ni supu ya makongoro, na kwamba imeshapoa.

"Shikamoo kaka. Shemeji, shikamoo."

"Marahaba," alisema Herieth, mke wa Gervas. "Lakini hiyo hotpoti mezani kwangu haipandi. Weka hapo chini, mbali na Biblia."

Kasimiri akapiga magoti, akafungua mfuniko, akatoa taulo la marehemu baba yao. Ndani ya taulo ilikuwa bastola ya matundu sita, imeshikwa na kutu kama jembe la mvivu, mpini wake mweusi wenye vipele vya ngozi ya kenge, na chini ya mpini kipete cha kupitishia kamba.

"Kaka, ishu ni hii. Tangazo la polisi linaishia Ijumaa. Ukisalimisha silaha kwa hiari kabla ya Ijumaa hawakufanyi kitu. Ikipita hapo, ukikutwa nayo ni jela, na miaka yenyewe si ya kuhesabu kwa vidole. Mwenyekiti wa mtaa kaniandikia barua, anataka tu saini yako wewe msimamizi wa mirathi."

"Saini yangu."

"Yako kaka. Hapa chini."

Ndege ikapita juu ya bati. Watu wa Kipawa hawapigi kelele kushindana na ndege. Wanalisimamisha neno mdomoni, inapita, wanalimalizia. Gervas alilisimamisha neno lake, na ndege ilipokwisha kupita alikuwa ameshalibadilisha.

"Lete kwanza niisome," alisema.

Alikuwa karani wa mizigo bandarini kwa miaka thelathini na moja, na karatasi kwake haikuwa karatasi tu. Aliwahi kuzuia meli nzima, kwa masimulizi yake mwenyewe, kwa sababu ya nukta. Akavaa miwani, akaipitia barua mara mbili, kidole kikasimama kwenye mstari wa nne. "Aina na umri wa silaha, kama inajulikana."

"Aina gani hii?"

"Mie nijuaje, kaka? Bastola."

"Ya mwaka gani?"

"Si wameandika kama inajulikana?"

"Na mie nauliza: inajulikana?" Akamgeukia mkewe. "Herieth, nipe mafuta ya taa na kitambaa."

Hapa inabidi jambo moja lieleweke. Kwao, kwa Wahaya, baba akifa, mrithi mkuu ndiye musika. Anakalishwa kwenye kigoda cha marehemu na kushikishwa mkuki wake mbele ya ukoo. Baba yao, Mzee Audax, hakuacha kigoda. Alikuwa na kochi. Wala hakuacha mkuki. Lakini silaha ni silaha, na tangu ukoo uliposikia kwamba kifurushi cha taulo alipewa Kasimiri, mtoto wa sita, Gervas mtoto wa kwanza alikuwa akila bila kusikia chumvi. Nyumba apewe yeyote, alijisemea, hata mpangaji anakaa kwenye nyumba. Silaha anapewa mtu.

Akasugua. Kutu ikatoka nyekundu kama tope la kwao. Upande wa kushoto zikajitokeza herufi za kuchimbwa, kwanza moja, kisha ya pili, na Gervas akapunguza kasi ya mkono kama mtu anayefunua uso wa maiti.

6 K.A.R.

Kasimiri, mwana wa Audax, wa ukoo wa Rwegasira. Mtoto wa sita.

Gervas alichukua simu akapiga picha, ya kwanza, ya pili, akageuza chuma akapiga na upande wa juu. Kisha akaizungushia taulo, akairudisha kwenye hotpoti, akafunika.

"Nitasaini nikishajua umri wake," alisema.

"Kaka, leo ni Jumapili. Mwisho Ijumaa."

"Basi zipo siku tano. Dunia yenyewe ilitumia sita."

*

Kasimiri alipokwisha kuondoka, Gervas alikaa kwenye kochi la marehemu akazitazama zile picha, akizikuza kwa vidole viwili. Picha ya mwisho, ya upande wa juu wa chuma, ilionyesha namba. Upande mmoja palikuwa na kutu tupu, lakini tarakimu mbili zilikuwa wazi kama mchana.

"Themanini na moja," alinong'ona. "Herieth! Kasimiri kazaliwa mwaka gani?"

"Si mwaka ule nilipofika mjini? Themanini na moja."

Akamwonyesha. Sita hii hapa mbele ya herufi. Hapa pameandikwa MARK, kisha sita nyingine, ya Kirumi. Na matundu ya risasi, hesabu mwenyewe, sita.

"Sita, sita, sita!" Herieth aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kwa jina la Yesu! Gervas, hiyo ni namba ya mnyama! Futa hizo picha!"

"Ingekuwa namba ya mnyama ningeshukuru. Hii namba ya Kasimiri. Mtoto kazaliwa, kabla hajakatwa kitovu, baba kamchongea jina kwenye silaha. Mie wakati huo nina miaka ishirini, nabeba magunia bandarini, namtumia hela ya karo za wadogo zangu. Miaka arobaini na kitu nakaa nasubiri, kumbe kiti kilishakaliwa na kichanga!"

"Au alinunua tu ikiwa na herufi zake."

"Zikaangukia K, zikaangukia A, zikaangukia R? Na sita juu? Wewe hata bahati nasibu ya kanisani hujawahi kushinda."

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Suleiman, fundi wa kuchomelea mageti. Suleiman alikuwa hana jambo asilolijua, na mengine aliyajua kabla hayajatokea. Aliitazama simu, akapandisha miwani yake myeusi ya kazi kwenye paji la uso.

"Hii mzee ni ya Mrusi."

"Mrusi anaandika herufi hizi?"

"Basi ya Mjerumani. Marehemu baba yangu aliikuta moja kwenye shimo la choo, Handeni huko, ukiipiga hapa, risasi inazunguka mti kumtafuta mtu."

"Suleiman, nakuuliza herufi. Zimeandikwa lini?"

"Aa, herufi! Hizi zimepigwa kwa mhuri wa chuma na nyundo." Akavuta droo, akatoa vyuma vidogo vyenye herufi mwishoni, vile vya kuandikia namba kwenye chesisi. "Kama hivi. Mtu anaweza kupiga siku yoyote. Nipe elfu tano, mie nakupigia hata jina la mama mkwe wako kwenye mdomo wa bastola, na hakuna atakayejua limepigwa lini."

Siku yoyote. Gervas alilibeba neno hilo mpaka nyumbani kama kokoto kwenye kiatu.

*

Jumanne akaenda Kinyerezi, eti kuikagua kutu. Kasimiri alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya duka lake la mabomba na masinki. Gervas aliwakuta wazee watatu wa kwao wamejaa kwenye kibaraza, wanakunywa chai ya Kasimiri na kula maandazi yake, na katikati yao, kwenye kiti pekee chenye mikono, Kasimiri mwenyewe. Gladness, mke wa Kasimiri, alimkaribisha shemeji yake kwa magoti, akatafuta kiti, akakosa, akafunika ndoo kwa kanga.

Gervas akakaa kwenye ndoo.

"Musika," mzee mmoja alikuwa akimwambia Kasimiri, "mjukuu wa Keya, huna haja ya kuogopa. Marehemu alijua anachokifanya." Akamtupia jicho mgeni wa kwenye ndoo. "Na huyu ni mdogo wako?"

Kasimiri alisimama haraka hata chai ikamwagika. "Hapana mzee, samahani. Huyu ndiye kaka mkubwa, Gervas. Ndiye baba yangu sasa. Kaka, njoo ukae huku."

"Ahaa," alisema mzee, akitikisa kichwa kwa heshima zote. "Yule wa nyumba."

Yule wa nyumba! Miaka sitini na minne, mvi mpaka za masikioni, na sifa yake imekuwa saruji. Alikataa kiti. Mtu akishakaa kwenye ndoo mbele za watu, kuhamia kwenye kiti ni kukiri kwamba alikuwa kwenye ndoo.

Wazee walipoondoka, Gladness alimfuata mpaka barabarani.

"Shemeji, nakuomba. Saini. Ile kitu nimeifukia kwenye pipa la unga. Nikichota unga wa ugali nafumba macho. Jana mtoto kaniuliza mama mbona unga unanuka mafuta ya taa. Wakija kutupekua, wanamchukua baba yao. Na mie duka siwezi."

"Nitasaini, shemeji. Nikishajua umri."

"Umri wa nini, jamani? Si kinakwenda kuyeyushwa?"

"Utaratibu ni utaratibu."

Alimwona jinsi alivyojifuta macho kwa ncha ya kitenge. Na hapo ndipo Gervas alipohisi kitu ambacho asingemwambia hata padri: utamu. Mdogo sana, kama sukari iliyobaki chini ya kikombe. Yule aliyepewa silaha alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ufunguo wake anao yule wa nyumba. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Hakuhitaji kufanya kosa lolote. Alihitaji kuwa karani mwangalifu tu, siku tatu.

*

Alhamisi mchana simu yake iliita mara nane. Mara zote nane aliitazama ikiita.

"Unasubiri Ijumaa ipite," alisema Herieth. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa.

"Nani kakwambia?"

"Nimelala na wewe miaka thelathini na minne. Hata ukiiba sukari naijua pumzi yako. Gervas, akifungwa yule, watoto wake wanakuja kulala wapi? Si humu humu, kwenye nyumba ya yule wa nyumba?"

"Na wewe umelisikia hilo jina?"

"Kipawa nzima imelisikia. Umelisema mwenyewe, usingizini."

Mara mlango wa nje ukasukumwa bila hodi. Kipawa hapakuwa na mtu wa kusukuma mlango wa Gervas bila hodi, na aliyesukuma hakutoka Kipawa. Alikuwa shangazi yao Demetria, dada wa marehemu, aliyetimiza miaka themanini na sita na ambaye watu wa Mbezi Luis, alikokuwa akiishi na binti yake, walimwogopa kuliko mgambo wa jiji. Gladness ndiye aliyempigia simu.

Gervas akaamkia, akainama. Shangazi hakuitikia. Aliketi kwanza, akavua kiatu kimoja, akakigonga sakafuni kutoa mchanga.

"Waitu, jamani. Nimesikia mtu kawa daktari wa bastola."

"Shangazi, ni utaratibu tu. Barua inasema umri..."

"Kesho saa tatu tunakwenda wote polisi. Mie, wewe, Kasimiri. Wale wenyewe wana mtu wa kazi hiyo, anaufungua mdomo wa bunduki akakwambia umri kama mnunuzi wa ng'ombe. Atasema, utasikia, utasaini palepale mezani. Au una neno?"

Gervas alikuwa na maneno yasiyopungua mia. Lakini moja lilipanda juu ya mengine yote: atasema. Mtu wa serikali, mbele ya Kasimiri na mbele ya shangazi, atasema mwaka themanini na moja, na ukoo wote utajua kwamba Gervas alidhulumiwa tangu mdogo wake yuko kwenye nepi. Wivu una njaa ya ajabu. Ukikosa kushinda, unaomba ushahidi kwamba umeshindwa.

"Sina neno, shangazi."

"Basi marahaba."

*

Staff Sajenti Mbwana, mtunza silaha wa kituo, alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na kwa miaka mingi hakuletewa chochote ila magobore ya kienyeji na bastola za Kichina zilizovunjika. Alipofunua lile taulo, lenye unga, akapiga mluzi.

"Lo! Huyu ni bibi kabisa."

Akahakikisha haina risasi. Kisha akabonyeza kitu kwa dole gumba, na bastola ikavunjika katikati, mdomo ukainama chini, na kutoka kwenye yale matundu sita kikanyanyuka chuma cha umbo la nyota. Kasimiri aliruka nyuma. Alikuwa ameishi nayo miezi mitatu asijue kuwa inafunguka.

"Afande," alisema Gervas, akikohoa kikarani, "tunaomba aina na umri. Umri hasa."

"Aina ni Webley. Ya Mwingereza. Ona jina lilivyolika hapa. Na hii MARK na sita ya Kirumi ni toleo la sita. Wenzake wote wa toleo hili wana sita hiyo hiyo."

"Wote?"

"Maelfu kwa maelfu. Umri nao umeandikwa." Akaisugua kwa kidole, akaiweka chini ya taa. "Kumi na nane."

"Themanini na moja," Gervas alimsahihisha, akatoa simu. "Soma hapa."

Mbwana akaitazama simu. Akamtazama Gervas. Kisha, taratibu, kama anamgeuzia mtoto kitabu, akaichukua simu akaipindua juu chini.

"Ulipiga picha kichwa chini, mzee wangu. Elfu moja mia tisa kumi na nane. Ina zaidi ya miaka mia."

Gervas akaipokea simu yake, akaitazama upya. Mwaka ule baba yao mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

"Na herufi?" sauti ilimtoka nyembamba. "Sita, K, A, R?"

"Hizo ni kifupi cha jeshi lililokuwa nayo, lile la askari weusi wa Mwingereza. Wazee wenu hawakuwa na mtu aliyekwenda vita vya Mwingereza?"

"Babu," alisema Kasimiri. "Babu Keya. Lakini hilo lilikuwa jina lake tu."

Sajenti Mbwana akaanza kucheka, kitambi kikacheza juu ya mkanda. "Jina? Keya si jina, wanangu! Keya ni hizo herufi tatu. Kei, Ei, Ar. Wazungu wakitamka, askari wetu wakazimeza, zikatoka keya. Na sita ni kikosi, kile cha Tanganyika. Babu yenu mmekuwa mkimwita jina la jeshi zima!"

Gervas naye akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe si Kasimiri! Kumbe si mtoto wa sita! Siku tano za sumu, na hapakuwa na nyoka. Alimpiga mdogo wake begani, na Kasimiri, asiyejua kinachochekwa, akacheka pia kwa adabu.

Kisha Gervas akaacha kucheka. Ilikuwa ya babu. Babu akampa baba. Baba akampa... Huo sasa ulikuwa mkuki wenyewe, wa vizazi vitatu, na bado haukupita mkononi mwake. Afadhali ingekuwa ya mwaka themanini na moja.

"Shangazi," alisema, na hakujali tena kwamba afande anasikia. "Babu aliipataje?"

"Alisema alimbeba mzungu mgonjwa siku nne porini, mzungu akafa, bastola ikabaki kwenye kikapu. Akilewa zilikuwa siku tisa, na mzungu alipona."

"Na baba kwa nini alimpa Kasimiri?"

Demetria alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alionekana, kwa mara ya kwanza, mzee.

"Kaka yangu aliniambia hivi. Akasema, Deme, hiki chuma hakina karatasi, atakayekutwa nacho atapotea. Nikimpa Gervas, mtapoteza nyumba, mtapoteza wapangaji, mtapoteza kibanja, wote mtakosa pa kuzikwa. Kasimiri hana kitu. Akipotea yeye, hakipotei kitu. Alisema hivyo. Mie nilimkatalia, akageukia ukutani."

Kasimiri alikuwa akiitazama hotpoti tupu. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyerudishiwa chenji pungufu na anaona aibu kuhesabu mbele ya watu.

"Sawa," alisema. "Sawa tu. Mie ndo nilikuwa najiona."

Gervas alipaswa kufurahi. Ndicho alichokitaka siku zote, kusikia kwamba yeye ndiye aliyehurumiwa, na alipokisikia kilikuwa na ladha ya chuma. Alimwona mdogo wake amesimama pale, shati lina unga, na akakumbuka ile sukari ya chini ya kikombe, na akaona haya mpaka nyuma ya magoti.

"Haya," Mbwana alisema kwa upole, akivuta daftari. "Anayesalimisha ni nani? Jina moja tu."

"Kasimiri Au..."

"Andika mimi," Gervas alimkata. "Gervas Audax Rwegasira. Mtoto wa kwanza. Silaha hii ni yangu, mie ndiye niliyeirithi."

"Kaka, mbona..."

"Nyamaza, Kasimiri. Kama ina balaa, iwe yangu." Na kwa kweli hakujua mwenyewe kama alikuwa anamkinga mdogo wake au anamnyang'anya. Yote mawili yalitoka mdomoni kwa mkupuo mmoja, na hayatenganishiki tena.

*

Mbwana alimwingiza Gervas chumba cha ndani, akafunga mlango, akatafuta peni inayoandika.

"Jina tumeshapata. Umri?"

"Sitini na nne."

"Kabila, dini, kazi?"

"Mhaya. Mkatoliki. Karani mstaafu."

"Silaha uliipataje?"

"Nilirithi kwa marehemu baba yangu, Audax Rwegasira."

"Alikukabidhi kwa mkono wake?"

"Ndiyo."

"Siku gani?"

Gervas aliijua siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, baada ya adhuhuri, mvua inanyesha. Baba alimwita akamwambia, Gervas, kichwa kinanigonga, nenda kaninunulie panadol. Akaenda. Duka la kwanza hakuna, la pili limefungwa, akazunguka mpaka stendi, akalowana mpaka soksi. Aliporudi, Kasimiri alikuwa anatoka mlangoni na taulo kwapani, na baba amelala, kichwa hakigongi tena. Ile panadol hakuinywa.

"Siku gani, mzee?"

Peni ilikuwa inasubiri juu ya karatasi. Miaka thelathini na moja Gervas alikuwa upande ule wa meza, wa mwenye peni, na alijua jinsi karatasi inavyoandikwa neno la uongo: haigomi, haipasuki, inapokea tu.

"Afande, futa."

"Nifute wapi?"

"Kote. Sikupewa. Alipewa Kasimiri, mdogo wangu. Mie nilikuwa dukani."

Mbwana alimtazama kidogo. Akakunja ile karatasi, akachukua nyingine, akaandika polepole huku akitamka: kwamba yeye Gervas ni msimamizi wa mirathi, kwamba silaha alikabidhiwa mdogo wake, kwamba anayesalimisha ni Kasimiri Audax Rwegasira kwa hiari yake, na yeye msimamizi anakubali. "Weka saini hapa chini, kisha umwite mwenyewe."

Gervas alishika peni. Hakusaini.

"Na uandike kwamba mie ndiye niliyekuwa namlisha uji."

"Nani?"

"Baba. Miaka miwili. Kwa kijiko, asubuhi na jioni. Mikono ilikuwa haishiki."

"Hilo mzee wangu halina nafasi kwenye fomu."

"Najua kuwa halina. Nimejaza fomu nyingi kuliko wewe. Liandike pembeni."

Ndege ilikuwa ikipita juu ya kituo. Staff Sajenti Mbwana aliisubiri ipite, kisha akaigeuza karatasi ubavu, na katika ule ukingo mwembamba usioandikwa kitu, akaandika kwa herufi ndogo, kwa mwandiko mzuri, kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimlisha uji marehemu.

"Soma," alisema Gervas.

Mbwana akasoma.

"Ongeza: miaka miwili."

Mbwana akaongeza. Ndipo Gervas akasaini, akaenda mlangoni, akamwita mdogo wake aje naye aweke saini yake.